Msimu wa Kushindwa Hautibiwi kwa Adhabu

Jumamosi ya tarehe 23 Septemba 2006, timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Rice, kilichoko mjini Houston nchini Marekani, ilifungwa pointi 55 kwa 7 na Florida State. Ulikuwa mchezo wa nne wa msimu huo, na yote minne ilikuwa imekwisha kupotea. Msimu wa mwaka 2005 timu hiyo ilikuwa imeshinda mchezo mmoja tu na kushindwa 10; kocha aliyeiongoza kwa misimu 12 akaondoka, na mwingine akaletwa aifufue. Jumapili, siku moja baada ya kipigo cha Florida State, wachezaji walirudi mazoezini. Walipangiwa mbio 16 za kasi, kila moja ya yadi 100, yaani takriban mita 91. Dale Lloyd II, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye umri wa miaka 19, alianguka. Asubuhi ya Jumatatu alifariki dunia hospitalini.

Jumla ya mbio hizo haifiki kilomita moja na nusu. Ni umbali ambao watoto wengi hutembea kila asubuhi wakienda shuleni. Aliyeanguka alikuwa mwanamichezo kijana, mwenye nguvu za kutosha kuchaguliwa katika timu ya chuo, na timu haikumjua kuwa na tatizo lolote la afya. Uchunguzi ulionyesha kuwa alibeba kinasaba kimoja cha selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli, na kwamba misuli yake ilikuwa imevunjikavunjika kutokana na mazoezi makali.

Tangu hapo kisa hicho husimuliwa kama kisa cha kinasaba. Simulizi hilo ni la kweli, ila halijakamilika. Kinasaba hicho alizaliwa nacho na alikuwa amecheza nacho kwa miaka mingi. Kilichokuwa kipya ni chuo, kocha, ratiba ya mazoezi, na msimu uliokuwa ukienda vibaya. Methali ya Kiswahili husema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwa kawaida hutumika kuwafariji walioshindwa. Kwa mtazamo wa tiba, methali hiyo ina uzito zaidi ya faraja. Taasisi isiyojua namna ya kukubali kushindwa huelekea kutafuta dawa ya matokeo mabaya ndani ya miili ya vijana wake, na mwili una mipaka ambayo ubao wa matokeo hauioni.

Shinikizo la msimu mfupi

Futiboli ya Kimarekani si kandanda. Ni mchezo wa kubeba na kurusha mpira wenye umbo la yai katika uwanja wa yadi 100, ambamo wachezaji wenye miili mikubwa hugongana kwa makusudi. Vyuo hucheza mchezo mmoja kwa wiki, mara nyingi Jumamosi, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, na msimu wa kawaida huwa na michezo 11 au 12 tu. Kwa hesabu hiyo, timu iliyopoteza michezo minne ya kwanza imekwisha kutumia theluthi ya msimu bila ushindi. Nyuma ya michezo hiyo kuna fedha za tiketi, za televisheni na za wafadhili. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala jaji, bali ni kocha wa futiboli au wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu.

Katika mazingira hayo kocha aliyeshindwa hufukuzwa, na anayemrithi hulazimika kuonyesha mara moja kwamba mambo yamebadilika. Hapo ndipo hatari inapoingia. Kocha mpya hawezi kupata wachezaji bora zaidi ndani ya mwezi mmoja. Hawezi kuwapunguza nguvu wapinzani wala kuifuta ratiba aliyoikuta. Jambo moja tu analoweza kulibadilisha siku ileile ya kwanza ni wingi na ukali wa mazoezi. Mazoezi makali huonekana kwa macho, husifiwa na mashabiki, na huwapa viongozi wa chuo hisia kwamba kazi inafanyika. Hakuna haja ya kudhani kwamba kocha wa namna hiyo ni mkatili. Mwema kabisa naye anaweza kuongozwa na shinikizo hilohilo hadi mahali palepale.

Daktari anayekutana na mgonjwa huuliza kwanza ugonjwa ni upi, kisha ndipo huandika dawa. Kanuni hiyo ikitumika kwa timu ya Rice ya mwaka 2006, majibu yake yanafundisha. Mchezo wa kwanza ilifungwa na Chuo Kikuu cha Houston pointi 31 kwa 30, tofauti ya pointi moja. Mchezo wa tatu ilifungwa 52 kwa 7 na Texas, ambao walikuwa mabingwa watetezi wa nchi nzima. Michezo hiyo miwili haikupotea kwa sababu moja. Wa kwanza ungeweza kwenda upande wowote. Wa pili uliwakutanisha wanafunzi wa chuo kidogo na timu iliyokuwa imetoka kuutwaa ubingwa wa taifa. Hakuna wingi wa mbio za Jumapili ambao ungeweza kuwa jibu la yote mawili. Dawa moja inayoandikwa kwa kila kushindwa, bila kuuliza chanzo, ni dawa isiyo na uchunguzi, na dawa ya namna hiyo huwa na madhara hata inapokosa faida.

Kinachotokea ndani ya misuli

Misuli inayofanya kazi kwa kasi kubwa hutumia oksijeni kuliko inavyoletewa na damu. Hulazimika kuzalisha nguvu kwa njia nyingine, na tindikali hujikusanya. Joto la mwili hupanda, na maji hupotea kwa jasho. Mtu akipumzika, moyo na mapafu hulipa deni hilo ndani ya dakika chache, misuli ikapona na hata kuimarika. Hiyo ndiyo maana ya mazoezi: mzigo, kisha pumziko. Pumziko likiondolewa, au mzigo ukipandishwa ghafla kwa mwili usiouzoea, seli za misuli huanza kupasuka.

Seli hizo zinapopasuka humwaga ndani ya damu vitu ambavyo havikupaswa kutoka. Potasiamu ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo, na inaweza kuusimamisha. Mayoglobini, protini inayoyapa misuli rangi yake nyekundu, huziba na kuharibu figo. Dalili yake moja ni mkojo kugeuka rangi na kuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Hali hiyo huitwa kitaalamu rabdomayolisisi, na inaweza kumpata mtu yeyote, mwenye kinasaba cha selimundu au asiye nacho.

Kwa mbeba kinasaba, hatari ina mlango wa ziada. Mtu huyo si mgonjwa wa selimundu. Amerithi kinasaba kimoja kutoka kwa mzazi mmoja, na sehemu kubwa ya himoglobini yake ni ya kawaida. Huishi, hufanya kazi na hucheza kama wengine. Lakini oksijeni inaposhuka sana ndani ya misuli, tindikali ikapanda, joto likazidi na maji yakapungua, seli zake nyekundu za damu zinaweza kujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Misuli ikakosa damu katika wakati uleule inapoihitaji zaidi. Mbio fupi za kasi zinazorudiwa bila pumziko la kutosha hukusanya masharti yote hayo pamoja, ndiyo maana umbali wa kilomita moja na nusu unaweza kuua, ilhali mtu huyohuyo angeweza kuutembea siku nzima bila madhara.

Namna ya kuanguka nayo ina alama zake. Mchezaji aliyekazwa na mkakamao wa misuli hupiga kelele kwa maumivu, na msuli wake huonekana umejifunga kama jiwe. Mbeba kinasaba ambaye damu yake inaziba hulalamika zaidi kwamba miguu imeisha nguvu. Misuli yake ikiguswa huonekana ya kawaida, na mara nyingi bado anaweza kuzungumza. Kwa macho ya kocha mwenye hasira anafanana na mvivu. Kuchanganya hali hizo mbili kumegharimu maisha.

Misimu mingine miwili

Chuo Kikuu cha Oregon kilimaliza msimu wa mwaka 2016 kikiwa kimeshinda michezo 4 na kushindwa 8. Kocha akafukuzwa, mwingine akaajiriwa mwezi Desemba. Januari 2017, wachezaji waliporudi kutoka likizo, walianza mazoezi chini ya uongozi mpya, na watatu wakalazwa hospitalini. Kocha wa mazoezi ya viungo alisimamishwa kazi mwezi mmoja bila mshahara, na kocha mkuu akaomba radhi. Mmoja wa wachezaji hao alifungua shauri mahakamani, na mwaka 2022 chuo kilikubali kumlipa dola 500,000. Ikumbukwe kwamba walikuwa wametoka likizo, wakati ambapo mwili huwa umepoteza sehemu ya uzoefu wake wa mzigo. Ndio wakati unaohitaji upole zaidi, na ndio wakati ambao kocha mpya huwa na haraka zaidi.

Chuo Kikuu cha Maryland nacho kilimaliza msimu wa mwaka 2017 kwa ushindi mara 4 na kushindwa mara 8. Tarehe 29 Mei 2018 wachezaji walipewa mbio 10 za yadi 110 kila moja. Jordan McNair, umri miaka 19, alionyesha dalili za kuzidiwa na joto. Uchunguzi huru ulioagizwa na chuo ulibaini kuwa ilipita zaidi ya saa moja na nusu tangu dalili zianze mpaka gari la wagonjwa lilipoondoka naye, na kwamba hakutumbukizwa kwenye maji baridi, tiba ambayo ikitolewa mapema huokoa karibu kila mgonjwa wa aina hiyo. Alifariki tarehe 13 Juni. Rais wa chuo alikiri hadharani kwamba chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili. Uchunguzi mwingine kuhusu mwenendo wa timu hiyo ulieleza kuwa matatizo yaliachwa yakaota mizizi kwa sababu wachezaji wengi mno waliogopa kusema.

Misimu mitatu ya kushindwa haithibitishi kwamba kila kushindwa huzaa msiba. Timu nyingi hushindwa kila mwaka bila mtu kulazwa, na wapo vijana waliokufa mazoezini katika timu zilizokuwa zikishinda. Lakini takwimu pana zaidi zinaonyesha upande ambao hatari iko. Uchambuzi uliohusu wachezaji wa futiboli wa vyuo vya Marekani kati ya mwaka 2000 na 2016 ulihesabu vifo 33 vilivyotokea michezoni na mazoezini. Vifo 6 tu vilisababishwa na majeraha ya kugongana. Vingine 27 vilitokana na moyo, joto, kinasaba cha selimundu na sababu nyingine za ndani ya mwili. Katika mchezo unaosifika kwa kugongana, mazoezi ya kujiandaa yameua kuliko migongano yenyewe. Vifo vya mchezo wenyewe vinaweza kuitwa bahati mbaya. Vya mazoezi ni vigumu kuviita hivyo, kwa kuwa mazoezi hupangwa na mtu mzima aliyeshika filimbi, anayechagua saa, idadi na muda wa pumziko.

Hoja ya wanaosema kwamba ukali hulipa

Watetezi wa mazoezi makali wana hoja inayostahili kujibiwa. Timu ya Rice, baada ya kuanza kwa kushindwa mara nne, ilimaliza msimu wa mwaka 2006 kwa ushindi mara 7 na kushindwa mara 6, na ikaalikwa katika mchezo wa mwisho wa msimu kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1961. Oregon nayo ilipanda kutoka ushindi 4 hadi 7. Je, ukali haukuzaa matunda?

Jibu la kwanza ni la kisayansi. Jambo kutangulia jingine si ushahidi kwamba limelisababisha. Baada ya Florida State, Rice haikukutana tena msimu huo na wapinzani wa kimo kile, na timu yenye kocha mpya na mbinu mpya huhitaji wiki kadhaa kuzizoea. Jibu la pili linatoka katika historia ya timu hiyohiyo. Kocha aliyeiinua aliondoka baada ya msimu mmoja. Mwaka 2007 Rice ilishinda 3 na kushindwa 9. Mwaka 2008 ilishinda 10 na kushindwa 3. Matokeo ya michezo hupanda na kushuka kama maji ya bahari, na hakuna aliyeweza kuyazuia kwa mbio za ziada.

Jibu la tatu ni la maadili, nalo halitegemei takwimu. Hata kama ingethibitika kwamba mazoezi yanayovunja misuli huongeza ushindi, mwanafunzi hakwenda chuoni ili mwili wake uwe gharama ya ushindi huo. Mchezaji wa chuo hana uhuru kamili wa kukataa. Nafasi yake katika timu, ufadhili wake wa masomo na heshima yake mbele ya wenzake viko mikononi mwa yule anayemwamuru akimbie tena. Katika tiba, ridhaa inayopatikana kwa hofu haihesabiwi kuwa ridhaa. Hakuna sababu ya kuihesabu kuwa ridhaa uwanjani.

Kupima damu peke yake hakutoshi

Baada ya kifo cha Lloyd familia yake ilifungua shauri, na mwaka 2009 makubaliano yakafikiwa. Kuanzia mwaka 2010 chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, kiliweka sharti kwamba wanamichezo wa daraja la kwanza wapimwe kinasaba cha selimundu, isipokuwa aliyeonyesha majibu ya awali au aliyetia saini kukataa. Hatua hiyo ilikuwa na msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa wachezaji wa futiboli wa daraja hilo waliobeba kinasaba walikuwa na hatari ya kufa kwa mazoezi mara 37 kuliko wenzao. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1987, utafiti juu ya waajiriwa wapya wa majeshi ya Marekani wenye asili ya Afrika ulikuwa umekwisha kuonyesha hatari ya kifo cha ghafla iliyozidi kwa takriban mara 28.

Hata hivyo, utafiti wenye somo kubwa zaidi ulichapishwa mwaka 2016 katika jarida la New England Journal of Medicine. Ulifuatilia askari 47,944 wenye asili ya Afrika katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Wakati huo jeshi hilo lilikuwa limeweka kanuni za tahadhari kwa askari wote bila kujali vinasaba: kupandisha mzigo wa mazoezi polepole, kupumzika kulingana na joto, kunywa maji, na kutambua dalili mapema. Matokeo yalikuwa kwamba wabeba kinasaba bado walikuwa na hatari ya kuvunjika misuli iliyozidi kwa asilimia 54, lakini hatari yao ya kufa haikutofautiana na ya wenzao. Kinasaba kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni mazoezi.

Somo hilo lina thamani ya pekee katika Afrika Mashariki, ambako kinasaba hiki kimeenea kuliko Marekani. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wabeba kinasaba wana kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo sababu kimedumu kwa wingi katika maeneo yenye mbu. Miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, takriban mtu mmoja kati ya 12 hukibeba. Nchini Tanzania makadirio ni watu 13 hadi 20 katika kila 100. Kwa hesabu hiyo, katika timu ya shule yenye wachezaji 20, kuna uwezekano mkubwa kwamba wawili, watatu au hata wanne wamekibeba bila kujua. Kuwaondoa wote michezoni kungekuwa dhuluma isiyo na msingi wa kitabibu. Kuwakimbiza wote kana kwamba hawapo ni dhuluma ya upande wa pili.

Kutoka Houston hadi uwanja wa shule

Nchini Tanzania hakuna futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Lakini fikra inayogeuza mazoezi kuwa adhabu si ngeni. Aliyepita katika shule za nchi hii anaijua adhabu ya kuruka kichura, kupiga pushapu, au kuuzunguka uwanja mara kadhaa chini ya jua la saa nane mchana kwa kosa la kuchelewa, kwa kelele darasani, au kwa kufungwa na shule jirani. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA huleta furaha kubwa kwa watoto, na pia huleta shinikizo la heshima ya shule, ya wilaya na ya mkoa. Mwalimu wa michezo aliyerudi na kipigo husubiriwa na mwalimu mkuu, na wanafunzi husubiriwa na mwalimu wa michezo.

Adhabu ya namna hiyo huchukuliwa kuwa nyepesi kuliko kiboko kwa sababu haiachi alama kwenye ngozi. Kitabibu, dhana hiyo ina kasoro kubwa. Kuruka kichura mara mia bila kupumzika ni zoezi zito kwa misuli ya mapaja, tena hupewa watoto wasiolizoea, bila maji, chini ya macho ya mtu anayetarajia kuona wakiumia. Mtoto anayesema miguu imeisha nguvu huonekana mjeuri, naye huongezewa. Hakuna anayeangalia rangi ya mkojo wake kesho yake.

Mwaka 2019 vyama vya madaktari na vya wataalamu wa michezo nchini Marekani, pamoja na NCAA, vilitoa mapendekezo ya pamoja ya kuzuia vifo vya wanamichezo wa vyuo. Mojawapo lilisema wazi kwamba mazoezi yasitumike kamwe kama adhabu. Pendekezo hilo halihitaji mashine, maabara wala bajeti. Linaweza kuanza kutekelezwa katika shule ya kijijini kesho asubuhi.

Yapo mengine ya gharama ndogo yanayopaswa kuandamana nalo. Baada ya likizo au ugonjwa, mzigo wa mazoezi upandishwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki, na wageni wa timu wasipewe kazi ya wenyeji siku ya kwanza. Mbio za kasi ziwe na pumziko la kutosha kati ya moja na nyingine. Maji yawe karibu, na mazoezi mazito yafanyike asubuhi au jioni. Mchezaji anayesema ameishiwa nguvu asimamishwe hapohapo bila kuhojiwa nia yake, akae kivulini, na mwenzake mmoja abaki naye. Asipopata nafuu ndani ya dakika chache, apelekwe kituo cha afya, na anayempeleka aeleze kuwa ameanguka akiwa mazoezini. Aliyezidiwa na joto hata akaanza kuchanganyikiwa apozwe kwa maji mengi mara moja wakati usafiri unatafutwa. Mwanafunzi mwenye ndugu wa damu anayeugua selimundu ashauriwe kupima, na majibu yabaki siri yake, ya familia na ya mhudumu wa afya. Mwalimu wa michezo hahitaji kujua nani ana nini ikiwa kanuni zake zinamlinda kila mtoto.

Linabaki swali la kocha mwenyewe: baada ya kushindwa, afanye nini? Afanye kile ambacho daktari hufanya tiba isipofaulu. Atulie kwanza. Aangalie mchezo ulivyokwenda: nani alikuwa ameumia, nani hakulala kwa safari ndefu, ni mbinu gani wapinzani walizijua mapema, ni wapi walikuwa bora tu. Awaulize wachezaji, na awasikilize bila kuwatishia. Huenda jibu likawa mazoezi zaidi ya jambo fulani. Basi yapangwe kwa kipimo, kama dawa inavyopangwa. Huenda likawa mapumziko. Na huenda likawa kwamba timu nyingine ilikuwa bora, na siku imekwisha.

Kumbukumbu za futiboli ya Rice bado zinaonyesha 55 kwa 7, na zinaonyesha pia ushindi 10 wa mwaka 2008. Dale Lloyd hakuufikia umri wa miaka 20. Kila mwaka, shule na vyuo vya nchi hii hutuma timu kwenye mashindano, na nusu ya timu zinazoingia uwanjani hutoka zimeshindwa. Mzazi anayempeleka mwanawe katika timu hizo anayajua hayo na ameyakubali. Asichokubali ni mtoto huyo kuadhibiwa kwa matokeo hadi misuli yake ivunjike, na shule inayompokea ina wajibu wa kumhakikishia kwamba halitatokea.